Aina za upendo na ugomvi wa kihamba

Wachumba wengi ninaowafundisha kabla ya ndoa hapa Moshi, nikiwa mchungaji wa Kilutheri, huja wakizijua aina nne za upendo kwa majina yake ya Kigiriki, yaani eros (mapenzi ya mume na mke), filia (urafiki), storge (upendo wa damu) na agape (upendo wa Kimungu), lakini wakiamini kwamba zimepangwa kama ngazi: mapenzi ya mume na mke chini kabisa, jirani na dhambi, na upendo wa Kimungu juu peke yake. Mpangilio huo haumo katika Biblia. Wimbo Ulio Bora unasifu waziwazi shauku ya wapendanao, na Paulo katika 1 Wakorintho 7 anawaagiza wanandoa wasinyimane isipokuwa wamepatana kwa muda ili wasali. Urafiki nao una heshima yake, kwa kuwa Yesu mwenyewe aliwaita wanafunzi wake rafiki.

Upendo wa damu ndio ninaouona ukijaribiwa zaidi huku Uchagani. Kila Desemba watu hurudi Machame, Marangu na Rombo, mbuzi huchinjwa, na wajukuu huonyeshwa makaburi ya wazee wao katikati ya migomba. Hilo ni jema, nami nalipenda kwa moyo wote. Hata hivyo, ndugu hao hao waliokula nyama pamoja huweza kukutana Januari kwenye baraza la kata wakigombea kihamba (shamba la urithi la familia), ambacho kwa mila kitinda mimba hubaki nacho pamoja na nyumba ya wazazi, huku dada mara nyingi akipitwa.

Hapo ndipo ninapofungua 1 Wakorintho 13. Tumezoea kuisikia harusini, lakini Paulo aliwaandikia watu waliokuwa wakishtakiana mahakamani, kama sura ya 6 inavyoonyesha, na ambao katika chakula cha Bwana mmoja aliona njaa na mwingine akalewa. Anaposema kwamba upendo "hauhesabu mabaya", naziona familia ninazokaa nazo, ambamo kila mmoja amekuja na hesabu yake: nani alilipa ada ya nani, nani alinunua bati, nani hakufika mama alipolazwa. Undugu pekee haufuti hesabu hiyo. Pengine ndio unaoirefusha, maana tunamdai ndugu kuliko tunavyomdai mgeni. Agape huweza kuifuta, kwa sababu haianzi na kile ambacho mwenzangu amenitendea.

Lakini mstari unaofuata unasema kwamba upendo "haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli", na huu tunauruka mno. Dada aliyenyimwa haki yake huambiwa asamehe, anyamaze, aonyeshe upendo wa Kikristo, wakati kaka zake hawaambiwi lolote. Mimi sikubali kufanya maombi ya upatanisho ya namna hiyo. Kwanza mipaka ya shamba itajwe mbele ya wote, na dada asikilizwe hadi mwisho bila kukatizwa. Kisha ndipo ninapowaomba wapeane mikono.