Ruzuku kwa kaya maskini: yanayosemwa na yaliyoonekana

Mtafiti wa afya ya jamii anayefuatilia familia zilizo katika mazingira magumu hukuta majibu kabla hajauliza maswali. Majirani, viongozi wa vijiji na hata watumishi wa serikali huwa wameshaamua jinsi maskini watakavyozitumia fedha watakazopewa. Kwa bahati njema, Afrika Mashariki haihitaji kubahatisha katika jambo hili. Kenya ilianza mwaka 2004 kwa majaribio ya kuzipa fedha kaya zinazolea yatima na watoto walio katika mazingira hatarishi. Tanzania, kupitia TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), ilianza kutoa ruzuku mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, kabla ya kueneza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini nchi nzima. Katika nchi zote mbili watafiti walihusishwa mapema ili wapime kile ambacho wengine walikuwa wakikidhania.

Dhana: Fedha zitaishia kilabuni

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, na naamini ndiyo inayowaumiza walengwa zaidi, kwa kuwa inamhukumu mama wa watoto wanne kwa kosa ambalo hajalitenda. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zilizopima matumizi ya pombe na tumbaku katika kaya zilizopokea fedha. Kwa wastani matumizi hayo hayakuongezeka, bali yalipungua kidogo.

Lililo muhimu zaidi ni kujua fedha hizo zilikwenda wapi. Majaribio ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino yalihusisha vijiji 80, na kura ikaamua vijiji 40 vitakavyoanza kupokea ruzuku, vingine vikabaki kuwa vya ulinganisho. Kaya zilizopokea zilijiunga kwa wingi na Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao ni bima ya afya, zikaongeza mifugo na kuwanunulia watoto wao viatu. Mpita njia anaweza kuona viatu kuwa jambo dogo, lakini mtaalamu wa afya anajua kwamba minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu iliyo peku na kumnyonya mtoto damu. Watoto wadogo katika kaya hizo waliugua kwa siku chache zaidi. Tena, mahudhurio ya kliniki yaliongezeka mwanzoni kisha yakapungua baadaye, na mtu anayetazama takwimu hiyo peke yake angesema kwamba mpango umedorora, ilhali ukiisoma pamoja na kupungua kwa siku za ugonjwa inaelekea kusema kinyume chake.

Dhana: Wanawake watazaa ili waendelee kulipwa

Kama ruzuku ingekuwa kishawishi cha kuzaa, ingedhihirika nchini Zambia, ambako serikali ilianzisha mpango uliolenga kaya zenye mtoto mdogo, yaani mpango ambao kuwa na mtoto ndiko kulikofungua mlango wa kulipwa. Tia Palermo, mtafiti wa afya ya jamii, akiwa na Sudhanshu Handa na wenzao, walichunguza takwimu za miaka minne ya mpango huo na hawakuona ongezeko la uzazi.

Kenya ilitoa matokeo ambayo wengi hawakuyatarajia. Miongoni mwa vijana wa kaya zilizokuwa zikipokea fedha kwa ajili ya yatima, uwezekano wa kuwa wameshaanza kujamiiana ulikuwa mdogo kwa asilimia 31 ukilinganishwa na wenzao wa kaya zisizopokea, na mimba za mapema miongoni mwa wasichana zilipungua pia. Katika mpango huo hakuna aliyewahubiria vijana kuhusu kujizuia. Nyumba zao zilipata fedha za chakula na sare, na msichana anayebaki shuleni akiwa ameshiba ana sababu chache za kumtegemea mwanamume mwenye fedha.

Dhana: Watabweteka

Abhijit Banerjee na wenzake walichambua upya mipango saba katika nchi sita, zikiwemo Mexico, Indonesia na Morocco, wasikute dalili ya kudumu kwamba watu wazima waliacha kazi. Malawi na Zambia kulionekana badiliko la aina nyingine: baadhi ya walengwa walipunguza vibarua katika mashamba ya wengine wakatumia muda huo kulima mashamba yao wenyewe. Kuliita badiliko hilo uvivu ni kumkosea heshima mkulima.

Dhana: Fedha zitapandisha bei kwa kila mtu

Katika Kaunti ya Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya zaidi ya 10,000 takriban dola 1,000 kila moja, katika utafiti uliohusisha vijiji 653. Bei zilipanda kwa takriban asilimia 0.1 tu, na kila dola iliyoingia ilizalisha shughuli za kiuchumi zenye thamani ya takriban dola 2.5, kwa sehemu kupitia wauza duka na mafundi wa vijiji vya jirani ambao wenyewe hawakupewa fedha. Hata hivyo, matokeo hayo yanahusu mahali penye masoko yanayofikika, na isidhaniwe kwamba kijiji kinachokatiwa barabara na mvua kitaenenda vivyo hivyo.

Dhana: Vijiji vya ulinganisho hutendewa dhuluma

Lalamiko hili linatoka moyoni, na mtafiti anayelipuuza hastahili kuaminiwa. Mtu aliyeulizwa maswali mengi kuhusu njaa ya watoto wake, kisha akaona kijiji cha pili kinalipwa na chake hakilipwi, ana haki ya kuuliza sababu.

Sababu ya kwanza ni kwamba fedha za kuanzia hazitoshi kwa wote. Mahali ambapo uhaba unalazimisha baadhi ya vijiji vitangulie, kura iliyopigwa hadharani ina uadilifu kuliko uamuzi wa ofisini unaoegemea kujuana. Sababu ya pili inahusu ukweli wenyewe. Mwaka 2016 Tanzania iliondoa ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Tuseme mtafiti aliona mwaka uliofuata kwamba watoto wa walengwa wa TASAF wanahudhuria shule zaidi kuliko zamani: angejuaje kama ni kwa sababu ya ruzuku au ni kwa sababu ya ada kufutwa? Bila kijiji kinachofanana na hicho, kilichofutiwa ada lakini hakipati ruzuku, asingejua, na mpango ungesifiwa au kulaumiwa kwa jambo usilolitenda.

Wala kundi la ulinganisho si lazima liachwe mikono mitupu. Katika mradi wa Ujana Salama, ulioendeshwa na TASAF, TACAIDS (Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania) na UNICEF katika vijiji na mitaa 130 ya maeneo ya Mufindi, Mafinga, Rungwe na Busokelo, kaya za pande zote mbili ziliendelea kupokea ruzuku ya kawaida. Kilichopimwa ni nyongeza waliyopewa vijana wa upande mmoja.

Mtafiti pia ana masharti yake. Utafiti wa afya Tanzania Bara hauanzi bila kibali cha kimaadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na mhojiwa anapaswa kuelezwa kwamba anaweza kukataa swali lolote bila kuondolewa katika orodha ya walengwa. Maelezo hayo ya mwisho yanatakiwa kurudiwa polepole, kwa sababu mtu anayetegemea ruzuku huogopa kumkatalia mgeni mwenye dodoso.

Dhana: Basi fedha peke yake zinatosha

Wapo watetezi wa ruzuku wanaokosea kwa upande huu, nao wanahitaji kusahihishwa kwa uzito uleule. Nchini Zambia chakula kiliongezeka nyumbani, lakini kwa wastani udumavu wa watoto, yaani kuwa wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao, haukupungua. Udumavu hutokana pia na maji machafu, kuharisha kunakojirudia na maradhi ya mama mjamzito, na hakuna ruzuku inayoweza kuchimba kisima au kumleta mkunga katika zahanati isiyo na mtumishi.

Ujana Salama ulibuniwa kwa kuzingatia mipaka hiyo. Mbali na ruzuku ya kaya zao, vijana wa miaka 14 hadi 19 walipata mafunzo ya kujikimu na ya afya ya uzazi, mlezi wa karibu wa kuwashauri, fedha kidogo za kuanzia kazi au masomo, na kuunganishwa na vituo vya afya ambavyo watoa huduma wake walifundishwa kuwahudumia vijana. Tathmini iliona ukatili wa kingono dhidi ya wasichana ukipungua, na wavulana walioshiriki wakipunguza kuwapiga wengine. Mafunzo hayo yaliendeshwa kupitia watumishi na miundo ya serikali iliyokuwepo tayari katika halmashauri, na hivyo halmashauri nyingine inayotaka kuyaiga ina mahali pa kuanzia.