Kabla hujalipa rihabu, uliza saa nane usiku nani ako macho

Jumamosi saa tano asubuhi kila rihabu ya Nairobi, yaani nyumba ya kutibu walionaswa na pombe na dawa za kulevya, inapendeza. Nyasi imekatwa, vitanda vimetandikwa, jikoni kunanukia pilau, na meneja anakutembeza akikuonyesha ukumbi wa maombi na meza ya puli, na wewe mzazi umetoka Kayole na matatu mbili, umechoka na huyu kijana, unajiambia hapa sasa atapona. Unauliza ni pesa ngapi kwa mwezi, unaambiwa ni miezi mitatu, unaanza kupiga hesabu ya chama na ya lile shamba la ushago. Sijawahi kusikia mzazi akiuliza swali ambalo mimi ningeanza nalo, yaani saa nane usiku hapa ndani ni nani anakuwa macho, na amesomea nini.

Siku hizi niko kwa elimu ya umma katika taasisi inayoshughulika na mambo ya pombe na dawa za kulevya, lakini kabla ya hapo nilikuwa kaunsela kwa nyumba kadhaa za hapa Nairobi, kwa hivyo haya mengi sikuyasoma, niliyakesha.

Ngoja nieleze kwa nini usiku. Mtu ambaye amekunywa kila siku kwa miaka, yule wa kutoa loki, yaani kunywa asubuhi ndio mkono uache kutetemeka, ubongo wake umezoea pombe mpaka ikikosekana unashtuka. Masaa sita mpaka nane baada ya glasi ya mwisho anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, anatapika, moyo unakimbia. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa na kifafa maisha yake yote. Halafu kuna ile ya kati ya siku ya pili na ya nne, mtu anaona vitu havipo, anaongea na ukuta, hajui ako wapi, joto limepanda, na hio ikiachwa bila matibabu inaua. Wengi wanadhani unga, yaani heroini, ndio hatari kuacha. Arosto ya unga, yale mateso ya kuikosa, inatesa, mtu anaharisha, mifupa inauma, anaomba afe, lakini kwa mtu ambaye hana ugonjwa mwingine ni nadra imuue yenyewe. Pombe ndio inaua ukiiacha ghafla, na hili nimelirudia kwa baraza za machifu mpaka sauti ikakauka, na bado kuna mzee atasimama mwisho aseme mfungieni tu kwa nyumba siku tatu.

Sasa angalia masaa. Familia nyingi zinamleta mtu jioni, manake mchana kutwa walikuwa wanamtafuta. Akifika saa kumi na mbili, kutetemeka kunamkuta usiku, na kifafa kikija kinaweza kuja usiku huo ama wa kesho. Daktari hayuko. Nyumba nyingi daktari anapita mara moja ama mbili kwa wiki, na hio peke yake si makosa, lakini inamaanisha anayebaki ni nesi ama afisa wa kliniki, kama mwenye nyumba amekubali kumlipa wa usiku. Huyo ndio anapima presha kila baada ya masaa machache, anamwambia mgonjwa anyooshe mikono aone inatetemeka kiasi gani, anatoa dayazepamu, ile dawa ya kutuliza, vile daktari ameandika na kuipunguza siku kwa siku, anahakikisha vitamini B1 imetangulia kabla ya dripu ya glukosi, na akiona mambo yamemzidi anaita gari waende hospitali bila kungoja meneja aamke.

Nimefanya kazi kwa nyumba ambayo nesi alikuwa wa mchana tu, usiku funguo ya kabati ya dawa ilikuwa kwa soja. Soja mzuri, mtu wa kanisa, lakini alikuwa anasoma ile karatasi kwa tochi ya simu, na usiku mmoja kidonge alichotoa kilikuwa cha kitanda kingine. Mgonjwa alilala mpaka saa saba mchana. Hakuna aliyekufa, meneja akasema tusiandike, na mimi sikuandika, na hilo bado linanisumbua.

Lakini soja nisimdharau, manake hakuna mtu anajua nyumba kama yeye. Jumapili moja ya wageni nilikaa naye getini. Mama mmoja amefika na kikapu, chapo zimefungwa kwa foili, soja anazifungua moja moja anazitazama kwa mwanga. Anachukua tyubu ya dawa ya meno anaangalia ile sehemu ya nyuma kama imefunguliwa ikafungwa tena. Kisha akatoa chupa ya dawa ya kusukutua mdomo, ya kijani, akainusa, akaiweka kando. Mama akauliza kwani hio nayo iko na nini, akamwambia pole sana mama, hii iko na pombe, tutamtafutia ingine haina, na sanitaiza pia hubaki hapa kwangu utaichukua ukitoka. Mama akaanza kulia, si kwa sababu ya chupa, nafikiri ni vile alikuwa amejichanga kununua vitu vizuri. Soja akamvutia kiti, akamwekea chai. Hakuna mahali nimeona mafunzo ya kufanya hivyo.

Kaunsela sasa. Utakuta wengi ni watu ambao wenyewe walipitia. Hili si jambo la Nairobi tu, mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Marekani, walevi wawili walianza kushikana mkono na ndio ikawa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, na kufika miaka ya 1950 kule Minnesota hospitali zilikuwa zinaajiri watu walioacha pombe wawe makaunsela. Inafanya kazi. Mgonjwa anayekuambia alikunywa mbili tu, kaunsela aliyesoma chuo peke yake anaandika mbili, yule aliyepitia anacheka kwanza, halafu anauliza mbili za saizi gani.

Shida ni vile inafanywa. Kijana anamaliza miezi mitatu yake, hana kazi, hana pa kwenda, mwenye nyumba anamwambia baki hapa utusaidie, anapewa kitanda, chakula, na zamu ya usiku peke yake. Hana mshahara, hana mtu wa kumweleza yake, na yeye mwenyewe bado ana mwezi wa nne bila chupa. Wanaiita kujitolea, mimi naiona ni kumtumia, na huyo ndio wa kwanza kuteleza, na akiteleza anateleza akiwa na funguo. Kuacha kunywa ni jambo kubwa lakini halimfanyi mtu awe kaunsela, lazima asome, na awe na mkubwa wa kazi anayeketi naye kila wiki wapitie kazi yake. Tangu 2014 tuko na sheria ya makaunsela na wanasaikolojia, wanatakiwa wawe wamesajiliwa, kwa hivyo kuomba kuona cheti si kukosa heshima. Nyumba yenyewe nayo inatakiwa iwe na kibali cha NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na ukiona kimetundikwa ukutani soma tarehe, usiangalie tu muhuri.

Na kama wafanyakazi wa kwanza kutambulishwa kwako ni vijana wanne wa kuja na Probox usiku kumbeba mtu mzimamzima, toka hapo. Sheria ya afya ya akili vile ilirekebishwa 2022 imeweka haki ya mgonjwa kuelezwa na kukubali matibabu.

Mpishi watu humsahau. Mtu anafika hajala vizuri miezi, tumbo limeharibika, wiki ya kwanza ni uji na supu, wiki ya tatu anakula kama mjenzi na anataka sukari kwa kila kitu. Mpishi akiniambia fulani jana na leo amerudisha sahani ikiwa imejaa, naenda kumtafuta huyo fulani saa hio hio.

Soba hausi ni kitu kingine tena, watu wanachanganya. Rihabu ni matibabu, soba ni nyumba ya kuishi ukishatibiwa, unalipa kodi, unaenda kazi, unarudi. Marekani kuna zile za Oxford House zilizoanza 1975 pale Silver Spring, Maryland, hazina mfanyakazi hata mmoja, wakaaji wenyewe wanapiga kura, wanachagua mweka hazina, na anayekunywa anatoka. Za kwetu mara nyingi kuna msimamizi mmoja anayeishi humo humo, ndio anashika orodha ya nani anaosha vyombo, anapima mkojo, anajua nani alikuwa arudi saa mbili na sasa ni saa nne. Mwisho wa mwezi, mshahara ukishaingia kwa M-Pesa, msimamizi mzuri halali, anakaa sebuleni na tivi imewashwa anajifanya anatazama mpira.

Kwa waliokuwa kwa unga huyo msimamizi lazima ajue jambo moja. Mtu akikaa wiki kadhaa bila, mwili unasahau, na akirudi kwa kipimo kile cha zamani anaweza kuacha kupumua. Dawa ya kumrudisha ni naloksoni, uliza kama iko hapo ndani na nani anajua kuitumia. Pia uliza kama wanakubali mtu wa methadoni, ile dawa anayopewa mtu wa unga badala ya unga. Hospitali ya Mathari ilianza kuitoa 2014, mtu anakunywa yake mbele ya mhudumu anaenda zake kazini, lakini kuna soba zinamkataa ati bado anatumia. Mimi na hao hatujawahi kuelewana. Yule ako kwa matibabu kama wa presha.

Ukikwama huna pa kuanzia, 1192 ni laini ya NACADA, ni bure. Na ukishapata nyumba tatu nne kwa karatasi, usilipe bado. Weka alamu, piga simu ya kila moja saa nane usiku. Ndugu yangu mmoja nilimwambia hivyo. Ya kwanza iliita mpaka ikakatika. Ya pili akapokea mtu wa usingizi, akasema apige asubuhi ofisi ikifunguliwa. Ya tatu ilishikwa haraka, mwanamke, nyuma kunasikika mtu anatapika, akasema, "Samahani baba, nipe dakika tano nimshikie huyu ndoo, nakupigia." Alipiga baada ya dakika ishirini.