Bayasi: mkondo unaopita ampu ikiwa kimya

Kijana mmoja wa Ujiji aliniletea ampu aliyoiunda mwenyewe. Kazi ilikuwa safi: waya zimepangwa, lehemu inang'aa, transfoma imekazwa kwa boliti. "Fundi," akasema, "nikifungulia sauti kubwa inapiga vizuri kabisa. Nikipunguza usiku, watoto wamelala, inakwaruza kama spika imepasuka." Alishabadilisha spika mara mbili, na spika zote mbili zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni bayasi.

Bayasi ni mkondo mdogo wa umeme unaoachwa upite kwenye transista za mwisho, zile kubwa zinazosukuma spika, hata pale ambapo hakuna muziki. Ampu nyingi tunazounda kwa mkono zina jozi ya transista hizo, kwa mfano 2SC5200 na 2SA1943, au TIP41 na TIP42. Moja inabeba nusu ya juu ya wimbi la sauti, nyingine nusu ya chini. Zinafanya kazi kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: mmoja akishusha mchi, mwenzake ananyanyua. Wakipishana vizuri, mlio wa kinu haukatiki.

Shida ni kwamba transista ya silikoni haiamki mpaka ipate kiasi cha volti 0.6 kati ya besi na emita, miguu yake miwili kati ya mitatu. Ile ya juu inalala kabla ile ya chini haijaamka, na hapo katikati spika haipati kitu. Wimbi la volti 20 likipita, pengo hilo ni dogo mno kulisikia. Wimbi la nusu volti likipita, pengo linameza sehemu kubwa ya sauti yenyewe. Ndiyo maana yule kijana alisikia mkwaruzo kwenye sauti ndogo tu. Spika iliyopasuka hufanya kinyume: inazidi kulalamika kadiri unavyoongeza. Nashauri kila anayeunda ampu asikilize taarifa ya habari kwa sauti ya chini kabisa kabla hajafikiria kununua spika mpya, maana sauti ya mtu haifichi kasoro hii.

Dawa ni kuziamsha transista zote mbili mapema, kwa mkondo kidogo. Ukiacha mkondo mkubwa sana unapata ampu ya daraja A, safi lakini inayochoma umeme na kutoa joto hata ikiwa kimya. Usipoacha chochote ni daraja B, yenye mkwaruzo. Ampu zetu nyingi ziko katikati, daraja AB. Zile za IC, yaani chipu moja yenye ampu nzima ndani, kama TDA2030 zimepangiwa bayasi humo humo ndani, huna cha kurekebisha.

Tuchukue ampu yenye volti 35 upande wa chanya na 35 upande wa hasi. Ukiipa bayasi ya miliampia 50, jozi moja inakula wati 3.5 ikiwa imetulia, na hitsinki, lile pande la chuma linalopooza transista, inakuwa vuguvugu tu. Mkondo huo ukipanda hadi ampia moja, ni wati 70. Hapo hata mkono huwezi kuuweka.

Na unaweza kupanda wenyewe. Transista ikipata joto, volti inayoihitaji ili iamke inashuka, karibu milivolti 2 kwa kila digrii. Kama bayasi yako haishuki pamoja nayo, transista inapitisha mkondo zaidi, inapata joto zaidi, inapitisha zaidi tena, mpaka inaungua. Kigoma jambo hili si la vitabuni. Kwenye banda la bati pale Mwanga, mchana wa jua kabla mvua hazijaanza, hitsinki inaanza kazi ikiwa tayari na joto.

Kinachozuia maafa hayo ni transista ndogo ya bayasi, mara nyingi BD139. Lazima ifungwe kwa skrubu kwenye hitsinki ile ile ya transista kubwa, na grisi nyeupe katikati, ili ihisi joto lao na kupunguza volti. Nimeona nyingi zimeachwa zimesimama kwenye bodi peke yake, zikipigwa na upepo. Haiwezi kulinda kitu isichokigusa.

Kuna jambo jingine lililoniunguzia jozi nzima ya transista, nami nalisema kwa kila anayejifunza. Priseti, ile resista ndogo inayozungushwa kwa bisibisi kupanga bayasi, niliiweka kati ya kolekta, mguu wa tatu, na besi ya transista ya bayasi. Vumbi likaingia, mguso wa ndani ukakatika, transista ya bayasi ikazima, na bayasi ikapanda hadi mwisho. Iweke kati ya besi na emita. Hapo ikikatika, bayasi inashuka, ampu inakwaruza kidogo, lakini inabaki nzima.

Ya kijana yule niliipima hivi. Nilitoa spika, nikafunga ingizo la sauti kwenye graundi, nikageuza priseti upande wa bayasi ndogo, kisha nikawasha kupitia taa ya sirizi, balbu ya zamani ya waya ya wati 60 iliyofungwa kwenye njia ya umeme unaoingia. Balbu ikawaka sekunde moja wakati kapasita zinajaa, ikafifia. Ingebaki inawaka kwa nguvu, ningezima papo hapo nikatafute shoti. Balbu ilipotulia nikaitoa kwenye njia, maana inapunguza volti na vipimo vya bayasi havitakuwa vya kweli.

Mkondo hupimwa bila kukata waya. Weka ncha za mita kwenye miguu miwili ya resista ya emita, ile iliyo kati ya emita ya transista kubwa na njia ya spika. Zake zilikuwa za ohm 0.22, kwa hiyo miliampia 50 zinasomeka milivolti 11. Mita ilisoma sifuri. Nikazungusha priseti polepole sana, robo ya robo ya mzunguko, na mita ikakaa sifuri muda mrefu kisha ikaruka ghafla. Hapo ndipo wengi wanapoteza transista kwa haraka.

"Fundi, mbona inapanda na hujagusa?" kijana akauliza. Ilikuwa joto. Kutoka milivolti 11 nilizopanga ilifika 14 ndani ya dakika tano. Tukarudisha kifuniko, tukapiga muziki dakika 20, tukazima muziki na kupima tena kupitia tundu la hewa: 15. Nikaishusha hadi 11 ikiwa na joto lake la kazi. Kisha akaweka redio, akapunguza sauti hadi ile ya usiku, akainamisha sikio kwenye spika.