Kichanga Kukutwa na Kingamwili za Rubella: Majibu Yasomwe Vipi

Kila kampeni ya chanjo ya surua na rubella inapotangazwa, dawati letu la maabara hupokea wazazi wenye majibu ya damu ya kichanga, wameshaambiwa huko walikopima kwamba mtoto "ana rubella", yaani ugonjwa wa virusi unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mara nyingi karatasi inaonyesha IgG peke yake. Hayo si majibu ya ugonjwa.

IgG ni kingamwili (protini ya mwili ya kujikinga na maradhi) ambayo kondo la nyuma huichukua kwenye damu ya mama na kumvushia mtoto. Kazi hiyo huanza takribani wiki ya 13 ya ujauzito na hushika kasi miezi mitatu ya mwisho, hata mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na kiwango kinacholingana na cha mama au kukizidi. Mama aliyechanjwa, au aliyeugua rubella utotoni, lazima amwachie mwanawe akiba hiyo. Haitibiwi. Inakwisha yenyewe.

IgM, kingamwili ya aina ya pili, ni habari nyingine, kwa kuwa haivuki kondo. Ikionekana kwa kichanga ameitengeneza mwenyewe, na uwezo huo mtoto huupata tumboni karibu na wiki ya 20. Ndiyo maana kipimo cha kumtafutia mtoto rubella ya kuzaliwa nayo huanza na IgM.

Sasa huuliza watu, na swali ni zuri: kama mtoto anajikinga akiwa tumboni, mbona anazaliwa na madhara? Jibu liko kwenye kalenda. Mama asiye na kinga akiambukizwa ndani ya wiki 12 za mwanzo, uwezekano wa mtoto kudhurika hufika asilimia 90. Wiki hizo ndizo moyo, lenzi ya jicho na sikio la ndani vinapoumbwa. IgG ya mama haijaanza kuvuka ya maana, na ya mtoto mwenyewe haipo. Kingamwili zinapokuja kupatikana, virusi viko ndani ya seli, na tabia yake ni kupunguza kasi ya seli kugawanyika, si kuziua upesi. Seli za T, yaani seli za kinga ambazo ndizo zingeziondoa seli zilizoambukizwa, huitikia kwa unyonge. Matokeo yake mtoto huzaliwa na kingamwili na virusi kwa pamoja, jambo linalowachanganya hata baadhi ya watumishi wetu. Daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, ndiye aliyeunganisha rubella ya mjamzito na macho ya watoto, mwaka 1941. Kwa hiyo, jamani, ukungu mweupe kwenye mboni ya kichanga hauletwi na jicho la hasidi.

Kuhusu utaratibu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwenye mtoto wa jicho, tatizo la moyo au asiyesikia, aletwe mapema, ikiwezekana kabla ya miezi mitatu, kipindi ambacho IgM huonekana karibu kwa kila aliyeathirika. Sampuli isafirishwe kwenye kibebeo chenye barafu, nyuzi 2 hadi 8, pamoja na fomu yenye tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kutoa damu. Fomu isiyo na tarehe hizo inarudishwa. Kubuni tarehe ili sampuli ipokelewe ni kughushi, na tunalichukulia hivyo. Akishapita miezi sita, kukosekana kwa IgM hakumwondolei shaka. Tunapima IgG mara mbili, kwa tofauti ya angalau mwezi mmoja. Iliyotoka kwa mama itakuwa inashuka, aliyoitengeneza mtoto itabaki palepale. Maabara binafsi isiyosajiliwa hairuhusiwi kutoa majibu yoyote kati ya haya, hata kama iko mlangoni kwa hospitali.

Tanzania iliingiza chanjo ya surua-rubella mwaka 2014, na watoto huipata wakiwa na miezi 9 na 18. Kampeni ya mwaka huo iliishia kwa walio chini ya miaka 15, hivyo wanawake waliokuwa wameshapita umri huo wanategemea kinga ya kuugua utotoni, kama waliugua. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mjamzito hachanjwi, na aliyechanjwa asubiri mwezi mmoja kabla ya kubeba mimba. Aliyechomwa bila kujua kuwa ni mjamzito aendelee na kliniki. Kutoa mimba kwa sababu hiyo hakuna msingi wa kitabibu, wala chanjo haifungi uzazi; hili la mwisho tumelijibu mara nyingi kiasi cha kuchoka.

Mtoto aliyethibitishwa kuwa na rubella ya kuzaliwa nayo hutoa virusi kwa mate na mkojo hadi mwaka mmoja, pengine zaidi. Anyonyeshwe na abebwe kama kawaida, ila wajawazito wasiojua hali ya kinga yao, wauguzi wakiwemo, wasimhudumie mpaka atimize mwaka, au mpaka vipimo viwili vya virusi vilivyopishana mwezi, vilivyochukuliwa baada ya umri wa miezi mitatu, vionyeshe kuwa ameacha kuvitoa.