Muuzaji wa gari asipokujibu: mnunuzi adai nini kabla ya kulipa

Malalamiko yanayotufikia kuhusu yadi za magari yanafanana sana. Mtu aliingia, akalizunguka gari alilolipenda, na hakuna aliyemwinulia uso. Mwingine aliuliza bei, naye akaulizwa kwanza ana shilingi ngapi. Mama mmoja alikwenda na mumewe kununua gari ambalo fedha ni zake na dereva ni yeye. Kila alichouliza kilijibiwa kwa kumtazama mume. Kijana aliyeshuka kwenye bodaboda na kandambili miguuni alielekezwa yadi ya jirani, eti huko ndiko kwenye magari ya bei yake, ilhali hajataja bei yoyote.

Dharau inauma, na walalamikaji huanzia hapo. Ukiwasikiliza mpaka mwisho, hata hivyo, unakuta nyuma ya dharau kuna hasara. Aliyekasirika akaondoka zake hakupoteza kitu. Aliyepoteza ni yule aliyevumilia majibu ya mkato, akaona haya kuuliza mara ya pili, akalipa, kisha akaja kugundua kwamba injini si ile aliyoambiwa au kadi ya gari ina jina la mtu asiyepatikana. Ndiyo maana katika elimu yetu kwa walaji tunasisitiza kwamba maelezo ya gari ni sehemu ya kitu unachokilipia. Muuzaji hakufanyii hisani anapoyatoa.

Kwanza umjue anayekupokea. Katika yadi nyingi za Dar es Salaam, na vivyo hivyo Nairobi kwenye yadi za Barabara ya Ngong, anayekukaribisha anaweza kuwa hana mshahara wowote. Ni dalali au winga anayelipwa kamisheni siku gari linapotoka. Mtu wa namna hiyo hupima wateja kwa macho: viatu, simu, umekuja na usafiri gani, umekuja na nani. Akiona huna dalili ya kulipa leo, muda wake anaupeleka kwingine. Simtetei, ila ukilijua hilo utaacha kuona haya mbele yake, na utaelewa pia kwa nini mara nyingi hana majibu. Gari lenyewe huenda ni la mtu mwingine aliyeliegesha pale liuzwe, na dalali hajawahi kuona karatasi zake.

Upimaji huu wa wateja kwa macho si wa kwetu peke yetu. Mwaka 1991 mtafiti wa sheria wa Marekani, Ian Ayres, alichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika maduka ya magari ya eneo la Chicago. Watu waliofundishwa kusema maneno yaleyale walitumwa kuulizia bei ya magari mapya. Wanaume weupe walitajiwa bei nafuu kuliko wanawake weupe na kuliko watu weusi, na wanawake weusi ndio walioumizwa zaidi. Mteja anayetazamwa kwa jicho la dharau, basi, huenda pia anatajiwa bei tofauti na aliyetajiwa mwenzake. Matangazo ya mitandaoni yasiyo na bei, yanayosema tu "njoo inboksi, maongezi yapo", yanampa muuzaji nafasi hiyohiyo ya kukupima kwanza.

Januari 2022 ilisambaa habari ya mkulima wa jimbo la Karnataka, India, aliyedhihakiwa na muuzaji alipokwenda kununua pikapu. Alirudi ndani ya saa moja na rupia milioni moja taslimu, na baadaye akaombwa radhi. Watu wengi walimshangilia, nami naelewa kwa nini. Lakini naomba tusijifunze kwamba dawa ya dharau ni kuonyesha noti. Mkulima huyo alistahili kujibiwa vizuri hata kama angekuja kuuliza tu ili ajue aanze kuweka akiba ya kiasi gani.

Tuje kwenye gari lenyewe. Swali la mwaka wa gari ndilo linalokwepwa kuliko yote, na Tanzania linakwepwa kwa neno moja: "Namba E, bosi, hili bado bichi." Herufi ya namba ya usajili inakuonyesha gari lilisajiliwa nchini lini. Haisemi lilitoka kiwandani lini. Chukua Toyota IST, gari lililoenea mno mijini. Toleo lake la kwanza liliundwa kati ya mwaka 2002 na 2007, kwa hiyo IST ya umbo hilo, hata ikiwa na namba E inayong'aa, ina zaidi ya miaka kumi tangu iundwe. Kenya ni vilevile kwa wanaouza kwa kusifia namba za KD. Muulize mwaka wa kuundwa, halafu umwombe akuonyeshe umeandikwa wapi.

Swali la injini nalo huzimwa kwa "zote ni sawa tu." Si sawa. IST yenye namba ya chesisi inayoanza na NCP60 ina injini ya ukubwa wa sisi (cc) 1,300, na NCP61 ni ya sisi 1,500. Kwa anayepakia watu wanne na mizigo kupanda milima ya Lushoto, tofauti hiyo ataiona. Namba ya chesisi imechongwa kwenye bodi, na inapaswa kulingana na iliyo kwenye kadi. Muuzaji anayekataa usiifunue boneti uisome amekwisha kukupa sababu ya kutosha ya kuondoka.

Kuhusu kilomita naomba tukae kidogo, maana hapa watu wanaumizwa sana. Magari mengi yanayokuja kwetu kutoka Japani yamepitia mnadani, na kule mkaguzi hujaza karatasi ya mnada. Ina alama ya jumla ya gari, kama 4 au 3.5, na herufi R au RA kwa gari lililopata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi utaona vialama: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyowahi kurekebishwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kuna pia cheti cha Japani cha kufuta usajili ili gari lisafirishwe nje, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa gari lilipokaguliwa huko. Kama cheti kinasema 118,000 na dashibodi inasoma 64,000, hapo hakuna maelezo ya kusubiri. Kilomita zimerudishwa nyuma.

Muuzaji aliyeagiza gari mwenyewe ana karatasi hizi au anajua pa kuzipata. Ukiziomba, utasikia moja ya majibu matatu. Atakuletea. Au atasema hana, gari ni la mtu, ngoja ampigie mwenyewe. Hilo nalo ni jibu zuri, na wauzaji wanaothubutu kulisema nawaheshimu. Au atakasirika na kukuambia kama huna imani usinunue. Hilo la tatu lichukue kama lilivyo, usinunue.

Sasa sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, na ile ya Kenya, Sura ya 31, zote zimefuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Humo kuna jambo ambalo wanunuzi wachache wanalitumia. Ukimweleza muuzaji unataka gari kwa kazi gani, ukaonyesha kwamba unategemea ujuzi wake, na yeye biashara yake ni kuuza magari, basi sheria inaweka sharti kwamba gari hilo lifae kwa kazi hiyo, hata kama hamkuliandika. Kwa hiyo usiingie yadini ukasema tu "nataka Noah". Mnunuzi aliyeagiza kitu kwa jina lake la biashara anaweza kuambiwa kwamba hakutegemea ujuzi wa mtu, alichagua mwenyewe. Sema: nataka gari la kubeba abiria barabara ya vumbi, kila siku, unanishauri lipi? Mwandikie hivyo hata kwa WhatsApp, na jibu lake usilifute. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa namna hiyo kuwa ushahidi.

Upo upande wa pili wa sheria hiyohiyo. Ukilikagua gari kabla ya kununua, huwezi baadaye kudai juu ya kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Wapo wanaosema basi heri kutokagua. Mimi nasema nenda na fundi wako, lakini awe fundi kweli: alipime gari kwa mashine, aingie uvunguni, aliendeshe mpaka injini ipate moto, asikilize gia zinavyobadilika. Taa ya injini isiyowaka kabisa unapowasha swichi inatia shaka, maana huenda imezimwa makusudi. Muuzaji akisema fundi wa yadi anatosha, mshukuru, kisha umlete wako.

Na hapa ndipo lile swali la mwenye gari linaporudi kwa uzito. Sharti nilizotaja zinamhusu anayefanya biashara ya kuuza bidhaa za aina hiyo. Mtu binafsi anayeuza gari lake la nyumbani habanwi nazo kwa namna hiyo. Wauzaji wengine wanacheza hapohapo: wakati wa kusifia ni "gari letu, tumeliagiza wenyewe", na likiharibika linakuwa "gari la mtu, sisi tulikuwa tunamuuzia tu." Kabla hujalipa, taka jina la muuzaji liandikwe kwenye mkataba, lilingane na jina la kwenye kadi, au kuwe na maandishi ya mwenye gari ya kumruhusu huyo kuuza kwa niaba yake. Tanzania uhamisho wa umiliki unapitia TRA, Mamlaka ya Mapato. Kenya unapitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa njia ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Angalia pia kama namba ile ina deni la faini za trafiki, maana ukishalichukua gari, atakayesimamishwa barabarani ni wewe.

Kishika uchumba ni mtego mwingine. "Bosi, kuna mtu yuko njiani anatoka benki, weka hata laki tatu nikushikie." Ukiweka bila maandishi, kesho ukigundua kasoro unaambiwa hela hiyo hairudi. Usitoe chochote mpaka iandikwe ni ya gari gani, kwa namba ya chesisi, inashikilia mpaka siku gani, na kwamba inarudishwa ikiwa ukaguzi au karatasi zitaonyesha tofauti na ulivyoambiwa. Huyo wa kutoka benki aache apite.

Kuhusu risiti, anayekuambia "bila risiti nakupunguzia" anakuondolea ushahidi kwamba alikuuzia yeye. Tanzania kutoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ni wajibu wa mfanyabiashara, na kuidai ni wajibu wako.

Ukiwa umekwisha kudanganywa, usiishie kugombana getini. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji na kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayopokea malalamiko hayo. Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Na kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Tunachokosa mara nyingi ni ushahidi. Tangazo lilikwisha kufutwa, simu ya winga haipatikani, mkataba una mstari mmoja: "nimeuza gari". Kwa hiyo piga picha ya tangazo siku ileile unayoliona. Hifadhi ujumbe wote. Andika jina la aliyekuhudumia na alichokuambia, ukiwa bado unakumbuka.

Neno la mwisho ni kwa wenye yadi. Marekani, tangu mwaka 1985, kanuni ya shirikisho inamtaka mfanyabiashara wa magari yaliyotumika abandike dirishani karatasi inayosema kama gari lina dhamana au linauzwa kama lilivyo. Kwetu huhitaji kusubiri kanuni kama hiyo. Bandika kwenye kioo cha kila gari mwaka wa kuundwa, namba ya chesisi, ukubwa wa injini, kilomita pamoja na karatasi inayozithibitisha, bei, jina la mwenye gari na kasoro unazozijua. Winga wako atakuwa na cha kujibu, na yule mama hatalazimika kumtuma mume wake aulize kwa niaba yake.