Kabureta Kuziba: Maana Yake kwa Skuta Iliyolala Muda Mrefu

Skuta imelala kibarazani tangu mvua za Desemba. Mwezi wa tano inatolewa, inapigwa kiki mpaka mguu unachoka, hatimaye inawaka. Inanguruma dakika mbili tatu vizuri tu, ikianza kupata joto inazima. Ukishika resi inakwenda, ukiachia haikai sailensa, yaani haiungurumi polepole yenyewe bila resi. Mwenye nayo huanza kushuku koili, hununua plagi mpya, na wengine hufikiri injini imechoka. Fundi anayejua kazi atasema neno moja: kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia injini, imeziba.

Kuziba huko si lazima kuwe mchanga au taka iliyoingia kutoka nje. Kwenye chombo kilicholala, kinachoziba mara nyingi ni petroli yenyewe. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Vilivyo vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyoisaidia injini kuwaka ikiwa ya baridi, huruka mapema. Vinavyobaki hukutana na oksijeni ya hewani na kugeuka taratibu kuwa gundi ya kahawia, inayonata kama utomvu wa mkorosho, kisha hukauka ikawa ganda gumu. Joto huharakisha mambo yote mawili. Ndani ya tanki lililofungwa vizuri petroli inaweza kukaa miezi mitatu na zaidi ikabaki inafaa. Ndani ya bakuli la kabureta mna mafuta ya vijiko vichache tu, na bakuli lenyewe lina tundu la kupumulia, kwa hiyo wiki kadhaa zinatosha kuanza kuacha gundi.

Petroli ya chupa inayouzwa kandokando ya barabara huko vijijini huongeza tatizo. Imeshakaa juani kwenye chupa ya plastiki kabla hujainunua, yaani umri wake hauanzi siku ulipoitia kwenye tanki. Ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa ni mbaya zaidi, maana mafuta ya taa hayaruki haraka na huacha plagi imejaa masizi.

Mwambao una tatizo lake jingine, nalo ni unyevu na chumvi. Skuta ya Mikindani au Kilwa Masoko ikilala na tanki nusu, hewa yenye unyevu iliyomo ndani hupoa usiku, matone yakateremka chini ya petroli kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, na mwisho yakafika kwenye bakuli. Hapo kwenye jeti, vijiti vya shaba vyenye tundu la kupimia mafuta, hutokea ukoko wa kijani, na kwenye mwili wa kabureta unga mweupe. Skuta iliyolala juu Newala au Masasi kwa kawaida haina chumvi hiyo. Huko angalia vumbi kwenye kichujio cha hewa, na buibui kwenye mipira ya kupumulia.

Sasa, kwa nini skuta izime kwenye sailensa tu na si kwenye resi? Kabureta ina njia zaidi ya moja ya mafuta. Njia ya sailensa hupita kwenye slojeti, kijiti cha shaba chenye tundu jembamba mno. Kwenye jeti nyingi za Keihin, chapa ya kabureta ya Japani, namba hufuata kipenyo kwa sehemu ya mia ya milimita: slojeti ya 35 ina tundu la karibu milimita 0.35, wakati menijeti (jeti kubwa) ya 100 ina tundu la milimita 1 hivi. Gundi ileile inayolipunguza tundu kubwa kidogo tu hulifunga dogo kabisa. Ndiyo maana slojeti hutangulia kuziba. Katikati ya resi mafuta hupita kando ya sindano ndefu na bomba lenye vitundu vya hewa, na resi ikiwa ya mwisho menijeti ndiyo inayopima.

Zile dakika mbili tatu za mwanzo zina sababu pia. Skuta nyingi hazina choki ya kuvuta kwa mkono. Zina choki ya umeme, ambayo huongeza mafuta injini ikiwa ya baridi na kujifunga yenyewe kidogo kidogo kadiri inavyopata moto, mpaka kama dakika tano. Mafuta hayo ya ziada huficha ugonjwa wa slojeti. Choki ikifunga, ugonjwa unatoka hadharani.

Dalili nyingine zina maana tofauti, na ni vizuri kuzitenganisha kabla ya kushika bisibisi. Petroli ikimwagika kwenye mpira wa chini wa kabureta, sindano ya floti (kiboya kinachofunga mafuta bakuli likijaa) imenata au kiti chake kina uchafu. Skuta ikiondoka vizuri kisha ikakosa nguvu kwenye mlima au mwendo mkubwa, tazama menijeti, kichujio cha mafuta, kutu ya tanki, na tundu la mfuniko wa tanki. Hili la mwisho husahaulika sana: fungua mfuniko, skuta ikirudisha nguvu umepata jibu bila kulipa hata shilingi. Moshi mweusi na plagi nyeusi kavu kwenye skuta iliyokwisha kupata moto humaanisha mafuta yanazidi, labda choki ya umeme haifungi. Iunganishe na betri ya volti 12. Kijiti chake kinatakiwa kurefuka polepole na mwili wake kupata uvuguvugu.

Kazi yenyewe ifanyike nje penye upepo, mbali na jiko la mkaa na sigara. Usivute petroli kwa mdomo na mpira. Ikiingia mapafuni kidogo tu ni hospitali.

Anza na skrubu iliyo chini ya bakuli. Weka chupa ya kioo, legeza, acha mafuta yateremke. Yakitoka meupe na yananukia petroli ya kawaida, gundi inaweza kuwa ndogo. Yakiwa ya njano iliyokolea yenye harufu kali ya rangi ya mbao, yamekwisha. Maji utayaona yamejikusanya chini ya chupa kama shanga. Yasipotoka kabisa, ama bakuli limekauka, ama mafuta hayafiki. Skuta nyingi zina koki inayofunguliwa na mvuto wa injini kupitia mpira mwembamba. Mpira ukipasuka au ngozi ya mpira iliyo ndani ya koki ikikauka, petroli haishuki hata tanki likijaa. Kinyume chake pia hutokea: ngozi ikitoboka, petroli hupitia mpira huohuo ikaingia injini na kulowesha plagi.

Mafuta ya tanki yaliyozidi mwaka yatoe yote, na usiyamwage mtaroni. Tia lita moja au mbili mpya kwa majaribio. Kuna watu huongeza petroli mpya juu ya ile mbovu wakitumaini itasafisha. Gundi iliyokauka ndani ya slojeti haiyeyuki kwa mafuta yasiyoweza hata kupita hapo.

Ukishaitoa kabureta, fungua bakuli, toa pini ya floti, floti na sindano yake. Kwenye kabureta yenye pistoni inayopanda kwa mvuto, fungua na mfuniko wa juu utoe ngozi ya mpira. Iangalie juani, tundu dogo tu linatosha kuifanya skuta iwe nzito kuchanganya mwendo. Kisha slojeti. Tumia bisibisi yenye upana sawasawa na mfuo wake, kwa sababu shaba ni laini na ikishavunjwa kichwa kuitoa ni kazi ya siku nzima. Ikigoma, iloweshe kwa dawa ya kusafishia kabureta, subiri saa moja, jaribu tena. Bado skrubu ya mchanganyiko, ile inayopima mafuta na hewa ya sailensa. Kabla ya kuitoa ifunge polepole mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, andika. Usiikaze, ncha yake hukatika ndani. Chini yake mna springi, washa ndogo na oringi (pete ya mpira) ndogo sana. Oringi hupenda kubaki shimoni, na ikisahaulika humo haitavumilia dawa.

Ilenge slojeti kwenye jua. Lazima uone nukta ya mwanga iliyo duara kamili. Ukiona mwezi mwandamo, haijasafika. Mafundi wengi huchukua uzi wa waya wa breki na kupekecha. Matokeo huonekana siku hiyohiyo, lakini chuma hukwangua shaba, tundu linapanuka, na skuta inaanza kunywa mafuta bila mtu kujua sababu. Afadhali uzi mmoja wa waya laini wa umeme: waya wa milimita za mraba 0.75 wenye nyuzi 24 huwa na nyuzi za milimita 0.2, unapita kwenye jeti ya 35 bila kuikwangua. Loweka jeti kwenye dawa nusu saa, pitisha uzi, puliza. Tina ya rangi nayo inayeyusha gundi, ila isiguse mpira wowote. Oringi na ngozi ya pistoni huvimba na hazirudi umbo lake.

Wengi hukomea hapo, na ndiyo sababu kazi hurudi. Gundi haikai kwenye jeti peke yake. Inakaa pia kwenye njia iliyo nyuma yake, na kwenye vitundu vidogo vilivyo karibu na kipepeo, kile kibati kinachofunguka ukishika resi. Pulizia dawa kwenye shimo la slojeti. Inatakiwa itokee kwenye shimo la skrubu ya mchanganyiko na kwenye vitundu hivyo, kwa nguvu inayolingana. Kinga macho, maana hurudi usoni. Malizia kwa upepo wa kompresa, kwa fundi wa pancha aliye karibu. Hakikisha tu floti na ngozi ya mpira havimo ndani wakati wa kupuliza.

Wakati wa kurudisha, jaribu sindano ya floti kabla ya kufunga bakuli. Kausha kabureta, puliza kwa mdomo kwenye bomba la kuingizia mafuta. Ikiwa wima hewa inapita. Ukiipindua juu chini, uzito wa floti ufunge na hewa isite kabisa. Ikivuja, tazama ncha ya mpira ya sindano. Ikiwa na alama ya pete, nunua nyingine. Jeti ya kubadilisha isiwe ya pikipiki tofauti kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani: namba inaweza kufanana na nyuzi zikakataa, au nyuzi zikakubali na urefu ukatofautiana. Kama Mtwara mjini haipo, mpe anayekwenda Kariakoo ile ya zamani kama sampuli.

Skrubu ya mchanganyiko irudishe kwenye hesabu uliyoandika. Kama hukuandika, anzia mizunguko miwili. Washa, acha skuta ipate joto dakika kumi ndipo urekebishe. Kwanza pandisha sailensa kidogo kwa skrubu ya kipepeo. Kisha zungusha ya mchanganyiko robo kwa robo, utafute mahali injini inapokwenda kasi na laini, halafu shusha sailensa mpaka gurudumu la nyuma lisizunguke lenyewe. Skrubu ikiwa upande wa injini, kuifungua kunaongeza mafuta. Ikiwa upande wa kichujio cha hewa, kuifungua kunaongeza hewa. Sailensa ikipanda yenyewe na kugoma kushuka, nyunyiza maji kidogo kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini; mlio ukibadilika, mpira umepasuka, na hakuna skrubu itakayoponya hilo.

Skuta ikiwa italala tena zaidi ya mwezi, fungua ile skrubu ya chini ya bakuli uache mafuta yote yatoke. Kuiacha iwake mpaka izime hakutoshi, kwani chini ya jeti hubaki tone, na tone hilo ndilo linalogeuka gundi. Tanki la chuma lijaze pomoni ili unyevu ukose nafasi, kisha uifunike skuta kwa turubai lisilofika chini, hewa ipite.