Kabla ya kukata tiketi ya Tanga, hesabu mwezi

Watu wa Moshi na Arusha wanaoniomba niwapangie safari ya Tanga huanza na swali lilelile: twende wikiendi ipi? Nami huwauliza kwanza mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame. Saa ya kuogelea, siku ya kufika kisiwani, hata kitoweo kitakachokuwa kwenye sahani yako jioni, vyote hufuata bahari, na bahari hufuata mwezi. Kazi yangu ni kuwateremsha wenyeji wa huku mlimani kwenda pwani: familia, kwaya, wanafunzi, wafanyakazi walio likizo. Jambo hili nalisisitiza kuliko hoteli, kwa sababu hoteli mbaya unaihama, lakini maji yaliyopwa huwezi kuyarudisha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia tarehe mosi na tarehe kumi na tano za kalenda ya Kiislamu na siku mbili tatu zinazofuata, bahari iko kwenye bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na kwa Tanga tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana, na saa zinageuka, kujaa saa nne na kupwa saa kumi. Kati ya hapo, kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukishika saa nne na saa kumi, zilizobaki utazipiga kichwani hata ukiwa kwenye basi.

Sasa chukua familia iliyotoka Soweto pale Moshi, ina watoto wanaotaka kuogelea tu. Nitawapeleka Raskazone, ambako wakazi wa Tanga wenyewe huenda kuoga baharini. Wakifika siku za bamvua saa nne asubuhi, watakuta maji yamekimbia, tope na mawe vimebaki, na watoto watalia. Familia hiyohiyo, siku hiyohiyo, ikija saa tisa alasiri itakuta maji yamepanda na jua limepoa. Kwa watoto wadogo hata hivyo napendelea maji mafu: bahari haina mvutano mkubwa, na kujaa kunaangukia asubuhi kabla jua halijawa kali. Wavalishe viatu vya plastiki. Kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu, na mwiba ukivunjikia kwenye unyayo, wikiendi imekwisha.

Bamvua ina raha yake kwa wanaopenda kutembea. Maji yakipwa asubuhi, mwamba unajitokeza, unaweza kuona matumbawe, kaa, majongoo ya bahari, na akina mama wakitafuta pweza kwa vijiti. Tembea nyuma ya mwenyeji, usikanyage matumbawe hai, wala usigeuze jiwe ukaliacha limepinduka. Miamba ya Tanga iliumizwa miaka mingi na uvuvi wa mabomu, na pale inapojijenga upya inahitaji miguu yenye adabu.

Ndani ya ghuba, mkabala na bandari, kuna kisiwa cha Toten chenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Mbali kidogo kuna Ulenge na Yambe, vyenye mikoko minene. Mikoko nenda maji yanapojaa, mtumbwi upite kati ya mizizi. Yakipwa mtakwama kwenye matope na mbu. Toten, Yambe na maji ya jirani viko katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, yenye kilomita za mraba 552. Kuna ada, na mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Silikanti mwenyewe hutamwona ukiogelea. Ni samaki wa kina kirefu, zaidi ya mita 100 chini, ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Tanzania alianza kunaswa mwaka 2003, na tangu hapo wengi wamenaswa Tanga, kwenye majarife, yaani nyavu zinazotegwa chini kwa ajili ya papa. Mimi huwaeleza watoto habari hii tukiwa juu ya mashua, na kila mara wananyamaza na kuchungulia majini.

Nahodha mwelekeze kwa heshima. Ni mtu mzima, msalimie shikamoo, mwambie mna nia ya kwenda wapi, halafu mwachie yeye saa ya kuondoka. Akisema, "Leo upepo si wetu, mwanangu," msimwongezee pesa ili ageuze maneno. Hakikisha kuna majaketi ya kuokolea maisha ya kutosha na ya watoto pia, na kila mtu alivae kabla chombo hakijaachia, hata fundi wa kuogelea. Hapo sina mjadala na mtu.

Ukiwa na siku ya ziada, shuka Pangani, kama kilomita 50 kusini. Sisi wa Moshi na Arusha tuna undugu na mji ule: maji ya Kikuletwa yanayotoka upande wa Meru na yale ya Ruvu yanayotoka upande wa Kilimanjaro hukutana bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaitwa Pangani, na hapo ndipo yanapoingia baharini. Kutoka Pangani au Ushongo mashua huenda kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti na kasa wengi walitaga pale; mmomonyoko ukakila, leo ni fungu la mchanga mweupe ambalo maji ya bamvua hulifunika lote. Hii ndiyo safari ambayo ukikosea mwezi umekosea kila kitu. Ninayoipenda ni ya asubuhi ya bamvua: kuondoka mapema, kufika maji yakiwa yanatoka, kuvaa miwani na mrija kuangalia samaki wa rangi pembeni mwa mwamba, na kurudi kabla fungu halijamezwa. Hakuna kivuli hata cha mkono, kwa hiyo beba mwavuli, maji ya kunywa na khanga za kujifunika.

Saa ambazo bahari haikutaki, nenda nchi kavu. Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini mwa jiji, upande wa barabara ya Horohoro. Ni chokaa iliyochongwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Mapango ni kumi, linalotembelewa na wageni ni moja. Ndani kuna popo wengi, kuna vijia vya kupita kwa kuinama, na kuna sehemu ya mzimu ambako watu bado huleta maombi yao. Usishike kilichowekwa pale. Miaka ya 1950 Osale Otango na Paulo Hamisi waliyatumia mapango haya kujificha wasikamatwe na serikali ya kikoloni. Wenyeji pia husimulia kwamba njia moja ya chini inatokea Kilimanjaro. Ni simulizi, lakini wageni wangu kutoka Marangu huipokea kwa furaha isiyo kifani.

Magofu ya Tongoni, kama kilomita 17 kusini kwenye njia ya Pangani, ndiyo mahali ninapowaomba watu wakae kimya kidogo. Kuna msikiti wa karne ya 15 uliobaki kuta na mihirabu, na kuuzunguka kuna makaburi yenye nguzo, mengi kuliko mahali pengine popote katika pwani ya Afrika Mashariki. Baadhi ya nguzo zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Leo utaona matundu yake tu. Mtu anayedhani historia ya nchi hii ilianza na Wajerumani asimame pale nusu saa.

Jiji lenyewe lizunguke kwa baiskeli. Tanga ni tambarare, na baiskeli pale ni usafiri wa mtu mzima mwenye heshima zake, si mchezo wa watoto. Anzia boma la Wajerumani na mnara wa saa, pita Bustani ya Jamhuri inayotazama bandari, nenda Bombo uone jengo la zamani la hospitali, kisha uingie Ngamiani, ambako mitaa ina namba: barabara ya kwanza, ya pili, mpaka zinapita ishirini. Huko ndiko mji unakoishi. Huko ndiko taarabu ya Black Star na Lucky Star na dansi la Atomic Jazz lilikowika miaka ya 1960, na huko ndiko chakula kilipo.

Chakula ndiyo sababu ya kweli ya mimi kuipenda Tanga. Asubuhi usile hotelini. Tafuta mama anayeuza mahamri na mbaazi za nazi, na chai ya rangi yenye tangawizi. Mbaazi nzuri zimelainika bila kupondeka, na tui limebaki juu zito. Mchana uliza bada, yaani ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa. Wengi wa kwetu hukunja uso wakiona rangi yake, halafu huomba tonge la pili. Jioni ni pweza wa kukaanga, viazi karai, mishkaki, mkate wa kumimina, na kahawa chungu na kashata kwa wasioogopa kukosa usingizi.

Na hapa mwezi unarudi. Pweza huwa wengi siku za bamvua, kwa sababu mwamba uko wazi na akina mama wanafika mbali. Dagaa na vibua huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haziwaiti samaki, na sokoni wanapungua. Ukitaka vyote viwili, pweza na dagaa wabichi, nenda mwezi unapoandama: bamvua na giza vinakuwa pamoja. Kwa mla samaki ninaona hakuna siku bora kuliko hizo.

Samaki nunua mwaloni, Deep Sea au Sahare, vyombo vinapoingia. Kuna mnada, na mgeni akiingia peke yake atapigwa bei, kwa hiyo mwombe mama wa jikoni mwende wote. Fumbua shavu la samaki: liwe jekundu, jicho liwe angavu, nyama ukiibonyeza irudi. Changu na tasi ni wa kuchoma, nguru na kolekole ni wa mchuzi. Mwangalie yule mama anavyopika. Atakamua tui la kwanza aliweke pembeni, apike samaki kwa tui jepesi la pili pamoja na nyanya, bizari na ndimu, na lile zito atalitia mwishoni, moto mdogo, huku akikoroga polepole bila kuacha. Ukichemsha tui zito kwa pupa litakatika, na mchuzi uliokatika huwezi kuuponya.

Adabu ni jambo dogo lenye uzito. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Mjini jifunge khanga au vaa suruali. Ijumaa mchana maduka mengi hupumzika kwa sala. Mwezi wa Ramadhani mchana usile barabarani; ngoja magharibi, na futari ya Tanga itakulipa subira yako.

Msimu mzuri kwa bahari ni kuanzia Oktoba hadi mapema Machi, maji yakiwa safi na kaskazi akivuma. Vuli hunyesha mwaka mwingine, lakini haiharibu safari. Aprili na Mei ni masika, kaa nyumbani. Juni hadi Agosti kusi huchafua bahari, nenda kwa chakula na magofu. Wiki ya kwanza ya Januari sishauri kabisa, kwani Wachagga wote waliokuja Krismasi wanateremka na tiketi hazipatikani.

Kutoka Moshi ni kama kilomita 350: Same, Mombo, Korogwe, kisha Segera mnakata kushoto kwenda Muheza kwenye machungwa na mashamba ya mkonge. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, lakini treni ya abiria iliyorudi Desemba 2019 hukupitisha Korogwe ikielekea Dar. Kwa hiyo panda basi la asubuhi, ukae upande wa Milima ya Upare na Usambara, yaani kushoto.

Kila mtu hutaka kurudi na samaki. Mnunue asubuhi ya safari, atolewe matumbo na mashavu palepale mwaloni, apangwe na barafu kwenye boksi la kuhifadhi baridi lililofungwa kwa utepe wa gundi, na boksi liwekwe mahali pasipopigwa na joto la injini. Mwombe kondakta mapema, si wakati abiria wamejaa. Kabla ya jua kuzama mtakuwa Moshi, na samaki yule bado anafaa kwa mchuzi wa usiku huo. Waliobaki waingie kwenye friza siku hiyohiyo.